Sanduku Juu ya Kabati: Funzo Kutoka kwa Waturuki wa Denmark

(Mada iliyotolewa katika futari ya pamoja ya vijana, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wetu)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya malipo.



Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 2023 Msahafu ulichomwa moto hadharani mjini Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mwezi wa Januari ulichomwa mbele ya ubalozi wa Uturuki, na mwezi wa Julai mbele ya balozi kadhaa za nchi za Kiislamu. Sisi wanafunzi tulikuwa chumbani hosteli tunatazama picha kwenye simu, kila mtu moyo unamchemka. Mimi nikasema kwa sauti kubwa: "Na hao Waislamu wanaokaa kule wangoja nini? Si warudi kwao!" Wenzangu wakaniunga mkono, nikajiona nimesema neno la maana.

Likizo nilipofika nyumbani nikalirudia neno lile mbele ya ustadh wangu wa madrasa, nikitaraji atanisifu. Hakunisifu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kijana aliyezaliwa kule, aliyesoma kule, na mama yake pia akazaliwa kule, kwao ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma habari za hao watu niliowafukuza kwa mdomo, hasa Waturuki, maana ndio waliotangulia. Nikagundua jambo la aibu. Swali langu la "si warudi kwao" ndilo lile lile wanaloulizwa kila siku na wanasiasa wasiowapenda. Mimi na yule anayechoma Msahafu, kila mmoja kwa sababu yake, tulikuwa tumekubaliana kuwa Muislamu hana mahali Denmark. Kwa hiyo leo nataka tuwatazame vizuri watu hawa, kisha tujitazame na sisi.

WALIVYOFIKA

Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, watu wake ni takriban milioni sita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vyao vilikuwa vimeshamiri lakini wafanyakazi hawatoshi. Ndipo wakaanza kuja wanaume kutoka Uturuki, Yugoslavia, Pakistan na Moroko.

Waturuki wengi hawakutoka Istanbul, mji wa misikiti mikubwa tunayoiona kwenye kalenda. Walitoka vijijini, na wengi wao katika mkoa wa Konya, alikozikwa Mawlana Jalaluddin Rumi, nyanda za ngano na kondoo katikati ya nchi. Kuna wilaya huko kama Cihanbeyli na Kulu ambazo karibu kila ukoo una mtu Ulaya. Tena si wote ni Waturuki kwa asili. Wengi waliotoka wilaya hizo ni Wakurdi, wana lugha yao na mila zao, ingawa paspoti zao zilisema Uturuki. Huko Denmark wote walihesabiwa Waturuki, kama vile mtu wa Lamu na mtu wa Vanga wakifika Ulaya wote huitwa Wakenya tu.

Wadenmark waliwapa jina linalomaanisha "wafanyakazi wageni". Sisi tuna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ile ile ya kwanza. Walifanya kazi za viwandani, za zamu ya usiku, za kufagia na kuosha vyombo, kazi ambazo wenyeji walikuwa wanazikimbia. Wakalala wengi chumba kimoja na pesa zikatumwa nyumbani. Nia yao ilikuwa wazi: miaka miwili, mitatu, mtu anunue trekta au shamba, ajenge nyumba, arudi kwa mkewe.

Lakini binadamu hupanga na Mungu hupanga. Mwaka 1973 kukawa na vita vya Mashariki ya Kati, bei ya mafuta ikapanda, uchumi wa Ulaya ukayumba. Novemba mwaka huo Denmark ikafunga mlango, hakuna tena kuingiza wafanyakazi wapya. Sasa wewe jiweke mahali pao. Ukiwa tayari uko ndani, na unajua ukitoka hutaweza kurudi, utafanyaje? Wengi waliamua kubaki, wakaita wake zao na watoto wao. Mlango uliofungwa ili wapungue ndio uliowafanya wakae.

Leo Waturuki wa Denmark, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko, ni zaidi ya 60,000, na karibu nusu yao hawakuhamia popote. Wamefungua macho duniani wakiwa Denmark. Utawakuta Copenhagen katika mtaa wa Nørrebro, utawakuta Ishøj kusini magharibi mwa mji, na Aarhus, mji wa pili kwa ukubwa. Kuna madereva wa basi na teksi, wenye maduka ya mboga na mikahawa, na siku hizi madaktari, mawakili, walimu na wabunge.

SANDUKU LILILOKAA JUU YA KABATI

Katika masimulizi ya wahamiaji wa kizazi kile, wa Denmark na wa Ujerumani pia, kuna kitu kimoja hakikosekani: sanduku la nguo. Limewekwa juu ya kabati na halifunguliwi moja kwa moja. Kwa nini ulipeleke stoo na mwakani unaondoka? Mwaka ukiisha wanasema mtoto amalize darasa hili kwanza. Ukiisha mwingine wanasema tumalize kujenga ile nyumba ya kijijini. Miaka kumi ikapita, ishirini, nywele zikawa nyeupe na sanduku liko pale pale.

Ndugu msomaji, usilicheke sanduku lile. Lilikuwa na gharama. Mtu anayeondoka mwakani hajifunzi lugha ya watu. Kwa hivyo mama alikaa Denmark miaka thelathini na akienda hospitali mkalimani wake ni mwanawe wa miaka minane, anamtafsiria mamake maneno ambayo mtoto hafai kuyasikia. Baba hakuelewa barua za shule, hakujua kama mwanawe yuko au amechepuka. Vijana wa kiume wengi waliacha masomo mapema. Akiba yote ilijengewa nyumba kubwa kijijini, inafungwa miezi kumi na moja, inafunguliwa mwezi mmoja wa kiangazi pale familia inapojipakia garini na kusafiri zaidi ya kilomita 3,000 mpaka Anatolia. Na wakifika, watoto wa kijiji wanawatazama kwa nguo zao na lafudhi yao na kusema, hawa ni watu wa Ulaya. Huku wageni, kule wageni.

Hata ndoa zilifungwa kwa hesabu ya sanduku. Kijana akifika umri wa kuoa, mchumba analetwa kutoka kijijini, mara nyingi binti wa ami au wa jirani, ili ukoo usikatike. Ndoa nyingine zilikuwa na kheri. Nyingine wazazi walipanga bila kuwasikiliza wahusika, na sisi tuliosoma madrasa tunajua vizuri kwamba ridhaa ya binti katika ndoa yake ni haki aliyopewa na dini, wala si hisani ya baba.

Tuwe waadilifu pia. Si wahamiaji peke yao waliodhani kukaa kwao ni kwa muda. Serikali yenyewe ilidhani hivyo, haikujishughulisha kwa miaka mingi kuwafundisha wala kuwauliza watakaa vipi. Na baadaye ilipoanza kujishughulisha, mara nyingi ilianza kwa kukata. Zamani wilaya zilitakiwa kuwasomesha watoto hawa lugha ya wazazi wao. Mwaka 2002 wajibu huo ukaondolewa kwa watoto wenye asili ya nje ya Ulaya.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo lililonifurahisha. Mabinti wa familia hizi, walewale ambao watu walidhani watafungiwa jikoni, wamesoma mpaka wakawapita kaka zao. Dada zangu mlioko hapa, nadhani hilo haliwashangazi.

FUTARI YA SAA NNE USIKU

Sasa tuje kwenye mwezi wetu mtukufu. Sisi huku pwani, Mwenyezi Mungu ametupa neema ambayo hatuihisi. Ramadhani ije Januari, ije Julai, saumu yetu ni zile saa kumi na tatu na kidogo. Magharibi yaadhiniwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na kaimati ziko mezani.

Denmark iko juu sana kaskazini. Mwezi wa Juni jua linatua karibu saa nne za usiku na linachomoza karibu saa kumi na nusu za alfajiri. Giza lenyewe halikamiliki, upande mmoja wa mbingu unabaki na mwanga usiku kucha. Ramadhani ya mwaka 2016 ilianza Juni 6, ikaangukia siku hizo ndefu kabisa. Watu walifunga saa kumi na tisa, wengine wakafuata makadirio ya wanachuoni, na kalenda za misikiti zikatofautiana. Unafuturu, unaswali Isha na Tarawehe, unakunywa maji kwa ajili ya daku, na asubuhi zamu ya kazi inakungoja. Kisha miaka ikizunguka, mambo yanageuka. Ramadhani ya mwaka 2000 iliangukia Desemba, na Desemba jua la Copenhagen linachomoza saa mbili na nusu za asubuhi na kutua saa tisa na nusu za alasiri na dakika chache. Yaani wakati sisi huku twaadhiniwa Alasiri, wao wanafuturu.

Adhana yenyewe haisikiki barabarani. Kwa miaka mingi misikiti ya Waturuki haikuwa na kuba wala mnara. Ilikuwa ghala la zamani au ghorofa ya chini ya nyumba, ukipita nje hujui kama mna msikiti. Wazee walichanga, wakapaka rangi wenyewe, wakatandika mazulia kutoka kwao. Misikiti mingi iko chini ya jumuiya inayoshirikiana na Diyanet, idara ya dini ya serikali ya Uturuki, ambayo huwatuma na kuwalipa maimamu. Jambo hilo lina faida, imamu ni msomi na hakosi mshahara. Lina kasoro pia. Kijana aliyezaliwa Denmark anamsikiliza imamu anayehutubu Kituruki asichokielewa vizuri, na ambaye baada ya miaka michache atarudi Ankara. Hilo nalo, ukilitazama, ni sanduku lingine juu ya kabati.

Lakini jambo la Ramadhani ya mwaka 2018 ndilo ninalotaka mlishike. Aliyekuwa waziri wa masuala ya wahamiaji, bibi Inger Støjberg, aliandika gazetini kwamba Waislamu wanaofunga wachukue likizo mwezi mzima, maana watahatarisha watu kazini, na akataja madereva wa basi. Hoja ilisikika nzuri kwa asiyejua. Kampuni ya mabasi ya Arriva, yenye madereva Waislamu, ikaulizwa. Ikajibu kwamba haijapata ajali yoyote iliyosababishwa na saumu, na kwamba kwao hilo si tatizo.

Hebu tafakari. Nani aliyewatetea Waislamu siku hiyo? Ni rekodi ya kazi yao. Miaka na miaka, dereva mmoja baada ya mwingine, amefunga kimya kimya na amefikisha abiria wake salama. Hakutoa hotuba kama mimi ninayoitoa hapa. Alishika usukani tu, na siku ya kuulizwa ilipofika, ushahidi ukawa umeshaandikwa.

MILANGO NA DARAJA

Sitaki mtoke hapa mkidhani mambo ni mepesi. Tangu mwaka 2002 sheria ya Denmark imetaka mume na mke wote wawili wawe wametimiza miaka 24 kabla ya mmoja kumleta mwenzake kutoka nchi kama Uturuki. Wakawekewa na masharti mengine, likiwemo lile la kuthibitisha kwamba uhusiano wao na Denmark ni mkubwa kuliko uhusiano wao na nchi nyingine yoyote, sharti ambalo lilibadilishwa mwaka 2018. Vijana wengi waliooa wakajikuta hawawezi kuishi na wake zao katika nchi waliyozaliwa. Wengine wakavuka bahari nyembamba kwenda Malmö, Uswidi, kwa lile daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000. Wakalala Uswidi, wakafanya kazi Denmark, asubuhi na jioni darajani.

Mwaka 2018 ikaja sheria ya mitaa ile inayoitwa ya "jamii sambamba", yenye wakazi wengi wenye asili ya nje. Mtoto wa mtaa kama huo akifika mwaka mmoja anatakiwa apelekwe chekechea saa 25 kwa wiki, akajifunze lugha na maadili ya nchi, na familia ikikataa inaweza kunyimwa posho ya watoto. Mwaka huo huo wakapiga marufuku nikabu hadharani. Kwa upande mwingine, baada ya yale ya 2023 niliyoanza nayo, Bunge la Denmark lilipitisha Desemba 7 mwaka huo sheria inayokataza kuvinajisi hadharani vitabu vitakatifu vya dini zinazotambuliwa. Ilipita kwa kura 94 dhidi ya 77. Kwa hiyo tusiwachore Wadenmark wote kwa makaa. Wako waliokataa na wako waliokubali, kama watu wa mahali popote.

KIKOMBE CHA KAHAWA

Kuna mwanamke mmoja anaitwa Özlem Cekic. Alizaliwa Ankara mwaka 1976 katika familia ya Kikurdi, akakulia Denmark, akawa muuguzi. Mwaka 2007 alichaguliwa kuingia Bunge la Denmark, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa asili ya kihamiaji kufika hapo. Si kila msimamo wake wa siasa ninaokubaliana nao, lakini alifanya jambo la kutufunza.

Alipoingia bungeni alianza kupokea barua za chuki, nyingi sana, za matusi na vitisho. Alikuwa akizifuta. Ikafika siku familia yake ikalazimika kuhama nyumba kwa muda kwa ajili ya vitisho, na mwanawe mdogo akamuuliza kwa nini mtu anamchukia na hata hamjui. Mwaka 2010 rafiki yake akampa wazo: wapigie simu, uwatembelee. Akaona huo ni wazimu. Hata hivyo akampigia mmoja wa wale waliomwandikia zaidi, akamwomba aje kwake wanywe kahawa. Yule bwana akashtuka, akasema lazima kwanza amuulize mkewe. Cekic mwenyewe alishangaa kwamba mbaguzi naye ana mke wa kumuuliza.

Akaenda, amebeba chakula. Wakakaa zaidi ya saa mbili. Akaona vikombe vya kahawa vya nyumba ile ni kama vya wazazi wake. Kisha wakafika kwenye suala la basi, tena basi! Yule bwana akamwambia kuwa basi likisimama mbali na kituo na kumfanya atembee, huwa na hakika kwamba dereva ni mhamiaji na amefanya kusudi. Cekic akakumbuka kwamba yeye alipokuwa msichana, basi likimfanyia vivyo hivyo, alikuwa na hakika kwamba dereva ni mbaguzi. Basi ni lile lile na mita ni zile zile. Kila mmoja amekaa kituoni na dhana yake.

Alitoka Bungeni mwaka 2015, lakini kahawa hakuiacha. Amekunywa na watu wengi wanaowachukia Waislamu, na amekaa pia na Waislamu wanaowachukia wasiokuwa wao. Hakusema kwamba wote waligeuka wakawa malaika. Alisema kwamba ni vigumu kumfanya shetani mtu uliyekaa naye mezani.

Sisi watu wa pwani ndio wenye kahawa. Kila jioni kuna buli, kashata na baraza. Je, barazani pako ameketi nani? Wewe na ndugu zako tu?

KABURI LA BRØNDBY

Nimewaambia habari za sanduku la nguo. Kuna na sanduku jingine, la maiti. Mturuki wa kizazi cha kwanza alilipa kila mwaka mchango katika mfuko wa maziko, kama vile chama chetu cha kuzikana. Akifa, mfuko unagharamia mwili wake upelekwe kwa ndege mpaka kijijini, azikwe kando ya wazazi wake. Marejeo yale aliyoyaahirisha maisha yake yote yakatimia akiwa amefungwa sanda. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi wamerudi ngamani kwa njia hiyo, na wangali wanarudi.

Lakini wajukuu wakauliza: babu akizikwa kilomita 3,000 kutoka hapa, nani atamzuru siku ya Idi? Waislamu wa mataifa mbalimbali waliungana, wakahangaika miaka kutafuta ardhi, na mwaka 2006 makaburi ya Waislamu yakafunguliwa Brøndby, magharibi mwa Copenhagen. Sasa yuko Mturuki, Mpakistani, Msomali na Mwarabu, amelazwa ubavu wa kulia akielekea Kibla katika udongo wa Denmark.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu ndipo nilipopata jibu la ustadh. Kwao ni wapi? Ni pale walipozikwa wazee wao na walipozaliwa watoto wao. Mtu anayezika mahali hawezi tena kuambiwa ni mpita njia.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, wengi wetu hapa tunajua kuulizwa kwao ni wapi. Mimi nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho, niliambiwa nilete cheti cha baba, kisha cha babu, kisha niketi mbele ya wazee nihojiwe, ilhali mwanafunzi mwenzangu wa darasa moja, mwenye jina lisilokuwa la Kiislamu, alichukua chake baada ya wiki chache. Nilizaliwa hapa, baba amezaliwa hapa, babu amezikwa hapa. Niliumia. Na bado, mimi niliyeumia hivyo, ndiye niliyewaambia Waturuki wa Denmark warudi kwao.

Na tusiishie hapo. Yule jirani aliyekuja kutoka bara kutafuta kazi bandarini, mwanawe amezaliwa mtaani petu na anacheza na wadogo zetu, tunamwitaje? Bado tunamwita mgeni. Tukikasirika tunamwambia nini? Tunamwambia arudi kwao. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Hujurat kwamba alituumba mataifa na makabila tupate kujuana. Hakusema tupate kufukuzana.

Wengine wenu mtasafiri. Nawajua wanaosubiri viza, wa masomo, wa kazi za Ghuba na wa Ulaya. Nawausia kwa jambo moja: ukifika, fungua sanduku lako. Jifunze lugha ya watu, jua haki zako na wajibu wako, mjue jirani yako kabla hujapata shida naye. Swala yako ishike, na kazi yako iwe kama ya wale madereva wa basi, itakayokutetea siku usiyokuwepo.

Kuna atakayesema, lakini Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza tuishi duniani kama wageni, kama wapita njia. Ni kweli. Lakini ni yeye yeye aliyetufunza kwamba Kiyama kikisimama na mkononi una mche, ukiweza kuupanda, upande. Mafunzo hayo mawili hayagombani. Mgeni wa kweli wa dunia hii ni yule anayejua kwamba ataondoka, na bado anapanda. Wazee wa Konya walishika la kwanza, wakachelewa kulishika la pili, na watoto wao ndio waliolipa. Wajukuu sasa wanapanda.

Mwaka huu katika kumi hili la mwisho nina ombi dogo. Chagua nyumba moja mtaani kwako ambayo hujawahi kugonga mlango wake, ya mtu wa kabila jingine au dini nyingine. Peleka sahani ya futari, mahamri matatu manne, tambi, chochote. Usihubiri. Salimia, jua jina lake, jua watoto wake wanaitwaje. Mimi nimeanza. Mzee mmoja tuliyepakana naye ukuta miaka kumi na moja, wiki iliyopita ndiyo kwanza nimejua kwamba anaumwa miguu na hawezi kwenda kuteka maji.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na visimamo vyetu, awape subira ndugu zetu wanaofunga mbali na kwao, na awarehemu waliolala katika ardhi za ugeni. Atujaalie tuwe majirani ambao watu husalimika na shari zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.